Nailoni, chuma au umeme: mtu mzima anayeanza gitaa achukue lipi?

Ukiingia duka la vyombo vya muziki ukasema unataka kujifunza gitaa, na umri unaonekana usoni, utapata moja ya majibu mawili. Muuzaji wa kwanza atakushushia gitaa la nyuzi za nailoni, "hili halitakuumiza vidole, mzee." Wa pili atakuletea gitaa kavu, yaani lisilohitaji umeme, la nyuzi za chuma linalong'aa, kwa kuwa ndilo lililojaa stoo. Swali lililopaswa kutangulia haliulizwi na yeyote: unataka kupiga muziki gani, na utaupigia wapi?

Niseme msimamo wangu mapema ili usome ukiujua. Sioni kama kuna gitaa la wanaoanza na gitaa la waliobobea. Ile imani kwamba unaanza na nailoni, ukiiva unahamia chuma, kisha baada ya miaka ndipo unaruhusiwa kugusa la umeme, imewapotezea watu wazima wengi pesa na hamu. Mtoto huvumilia nyimbo asizozipenda kwa sababu mzazi kashalipa ada. Mtu aliyetoka kazini saa kumi na mbili, akasimama kwenye daladala hadi nyumbani, na bado ana madaftari ya watoto ya kukagua, hana uvumilivu huo. Gitaa lisipotoa sauti aliyokuwa akiisikia kichwani, litaishia juu ya kabati.

Yanapofanana, na yanapoachana

Yote matatu yana nyuzi sita na hutyuniwa namna moja: kutoka uzi mnene kwenda mwembamba ni E, A, D, G, B, E. Kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ya C au ya G uliyoishika kwenye nailoni utaishika vilevile kwenye la umeme. Kwa hiyo ujuzi haupotei ukibadilisha chombo. Tofauti iko mkononi na sikioni.

Anza na shingo. Kule juu, karibu na kichwa, shingo ya gitaa la nailoni ina upana wa milimita 52 hivi. La nyuzi za chuma lina kama 43, la umeme 42. Milimita kumi zinaonekana kidogo mpaka ujaribu kuzungusha kidole kimoja kubana nyuzi zote sita. Mwenye mkono mdogo ataona shingo ya nailoni haiishi. Fundi mwashi mwenye vidole vinene atashukuru, maana kwenye shingo nyembamba kidole chake kimoja hugusa nyuzi mbili na kodi inakufa.

Kisha mvuto wa nyuzi, na hapa ndipo watu wengi hushangaa. Nyuzi za nailoni zikishatyuniwa huvuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 40. Za chuma za seti ya 12 (namba hutaja unene wa uzi mwembamba kuliko wote), ambayo ndiyo huja nayo magitaa mengi makavu, huvuta kilo 70 na ushee. Gitaa la umeme lenye seti ya 09? Linazunguka humohumo kwenye 40. Yaani lile linaloogopwa kuwa la wakubwa ndilo linalobonyezeka kama nailoni, na nyuzi zake hukaa chini zaidi, karibu kabisa na freti, vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo.

Nailoni

Umbo la gitaa hili tunalolijua leo lilitulizwa Hispania katika karne ya 19 na fundi Antonio de Torres. Nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa wanyama hadi miaka ya 1940 nailoni ilipochukua nafasi. Limetengenezwa lipigwe kwa vidole, kila uzi na kidole chake, mpigaji ameketi. Sauti yake ni ya mviringo, haina makali. Ukitaka kupiga vipande vya Kihispania, bosanova ya Brazil, au kusindikiza sauti yako mwenyewe polepole usiku, hakuna linalolishinda.

Ukilipeleka kwaya ukaanza kulikung'uta kwa piki, kile kijiplastiki cha kupigia nyuzi, litamezwa. Waimbaji thelathini na kinanda kimoja wanatosha kulifuta kabisa. Na ukitaka kupanda juu shingoni kutafuta zile noti za solo, mwili wa gitaa unakuzuia kwenye freti ya 12, pale shingo inapoungana na sanduku.

Jambo moja huwakatisha tamaa wanaoanza bila sababu: nyuzi mpya za nailoni hunyumbuka kwa siku kadhaa. Umetyuni asubuhi, jioni gitaa limeshuka. Si bovu, liendelee kukazwa tu mpaka litulie. Kwa upande wa pwani lina faida yake, kwa kuwa nyuzi tatu nyembamba ni nailoni tupu na chumvi ya hewani haizipati. Tatu nene zimezungushiwa waya mwembamba, hizo hufubaa.

Na tafadhali, usikubali mtu akufungie nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni kwa maelezo kwamba "sauti itatoka vizuri." Inatoka kweli, kwa wiki chache. Rudi kwenye zile kilo 70: mbao zilizoundwa kubeba 40 zitapinda, au daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi pale tumboni, litang'oka na kuondoka na kipande cha ubao. Magitaa mengi ya mtumba yenye shingo iliyojikunja yaliuawa hivyo. Kuyatofautisha ni rahisi: kwenye nailoni uzi hufungwa fundo darajani, kwenye chuma huwa na kishungi cha madini mwishoni na huzibwa kwa kijiti cha plastiki.

Chuma

Kama kuna gitaa ambalo Afrika Mashariki na Kati imelifanya lake bila umeme, ni hili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi kijana mmoja huko Jadotville, Likasi ya leo, Katanga nchini Kongo. Ni Mwenda Jean Bosco, aliyeimba Kiswahili cha kwao huku kidole gumba kikitembeza besi na cha shahada kikichora wimbo juu yake. Mtu mmoja, gitaa moja, na ukisikiliza unahesabu wapigaji wawili. Magharibi ya Kenya, George Mukabi alipiga kwa mtindo wa aina hiyohiyo, na nyuma yake mtu akikwaruza chupa ya Fanta kama chombo cha mdundo. Anayeipenda hiyo sauti asiende nailoni. Makali ya chuma ni sehemu ya muziki wenyewe.

Ndilo pia gitaa la anayetaka kuimba na kukung'uta sebuleni, kanisani, kwenye safari ya vijana. Linasikika bila kuchomekwa popote. Sanduku linakutana na shingo freti ya 14, basi una nafasi mbili zaidi za kupanda.

Sasa maumivu. Yapo, sitakudanganya. Ncha za vidole vya mkono wa kushoto zitawaka kwa wiki mbili, pengine nne, kisha ngozi itakomaa na utasahau. Lakini maumivu mengi yanayosingiziwa chuma hutokana na kimo cha nyuzi. Magitaa ya bei ya chini hutoka kiwandani nyuzi zikiwa juu mno. Ukifika freti ya 12 ukapima nafasi iliyopo kati ya freti na uzi mnene, iwe milimita 2 na nusu hivi. Ikiwa 4, unachokishika ni kifaa cha kujengea misuli. Fundi hurekebisha kwa kusugua kile kipande cheupe cha darajani kwa chini, na kwa kukaza au kulegeza chuma kilichopita ndani ya shingo. Ni kazi ya muda mfupi na hubadilisha gitaa lote.

Jambo la pili ni seti ya nyuzi. Badala ya ile ya 12 iliyokuja nayo, omba ya 11 au ya 10. Utapoteza ujazo kidogo wa sauti, utapata miezi ya amani. Hakuna anayetoa medali kwa kuteseka na nyuzi nene, ingawa utakutana na wazee wa muziki watakaokuambia "sisi tulianza hivyo." Wazee haohao walifunga kalamu ya risasi kwa mpira shingoni ili wapandishe ufunguo bila kushika kodi ngumu, kwa hiyo wao pia walitafuta unafuu.

Angalia pia ukubwa. Gitaa la chuma la kawaida ni la inchi 41. Yale ya inchi 38 yanayouzwa kwa bei ya kutupwa ni madogo na mengi hayashiki tyuni. Kwa mwanamke au mwanamume mwenye mwili mdogo, sanduku kubwa la inchi 41 linaweza kusukuma bega la kulia likauma. Suluhisho ni gitaa la sanduku jembamba lililotengenezwa vizuri, si lile la 38.

Wanaonunua kwa ajili ya ibada mara nyingi huchukua gitaa kavu lenye jeki, la kuchomeka kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti. Chaguo zuri, ila huhitaji betri ndani, nyingi za volti 9, na hiyo betri ina tabia ya kuisha katikati ya sifa. Uchomoe waya ukimaliza. Kwa mengi, waya ukibaki umechomekwa betri inaendelea kuliwa.

Umeme

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndilo chaguo ambalo watu wazima wengi wa kwetu wanalihitaji na wachache wanashauriwa.

Fikiria muziki uliolala masikioni mwa mtu wa miaka arobaini au hamsini wa Dar, Mwanza, Kisumu au Bukavu. Ni Mbaraka Mwinshehe na solo lake, ni Sikinde, ni OK Jazz ya Franco, ni Shirati Jazz ya D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati mkoani Mara, na lile gitaa la benga linalokimbia kama nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Hakuna kati ya hao anayesikika kama gitaa la nailoni. Sauti ile safi, nyembamba, inayometa, hutoka kwenye nyuzi za madini juu ya vinasa sauti vya sumaku, kisha amplifaya. Tena noti nyingi za sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa huchukua uwanja, hukaa juu shingoni, freti ya 12 na kuendelea, mahali ambapo gitaa kavu limeshajengwa ukuta. Gitaa la umeme lina freti 21 hadi 24 na mwili umekatwa pembeni ili mkono upite. Mtu akikuambia ujifunze sebene kwa nailoni anakutuma Kigoma kupitia Mtwara.

Unyepesi wake nimeshautaja. Nyuzi ni nyembamba, zimekaa chini, mwili si mnene. Kodi ya F, ile inayowafukuza wanaoanza, kwenye umeme inashikika mapema zaidi. Na kama unajiuliza kuhusu piki, Franco alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, kwa hiyo usilazimishwe.

Gharama sasa. Unaponunua gitaa la umeme unanunua vitu vitatu: gitaa, waya na amplifaya. Ukijumlisha, unaweza kukuta umetumia karibu mara mbili ya aliyenunua gitaa kavu la kiwango kilekile. Hapo ndipo watu hukosea kwa kununua seti ya boksi moja, gitaa na kila kitu ndani, yenye amplifaya inayokoroma. Kama bajeti inabana, chukua gitaa la kueleweka na kile kiamplifaya kidogo cha kuchomeka moja kwa moja kwenye gitaa na kusikilizia kwa hedifoni. Vingine huchajiwa kama simu. Nyumbani, amplifaya ya wati 10 au 15 inatosha hadi jirani akulalamikie. Wati 100 ni za ukumbi. Ukifunga nyuzi mpya, hakikisha ni za gitaa la umeme. Zile za shaba za gitaa kavu hazisikiwi vizuri na sumaku.

Kasoro yake ya kweli ni upweke. Muziki wa dansi umesukwa kwa magitaa matatu au manne, ridhimu, solo la pili, solo, besi, na kila moja likipigwa peke yake linasikika kama nusu ya mazungumzo. Ukiwa chumbani mwenyewe na solo lako utachoka upesi. Dawa ni simu: jirekodi ukipiga ridhimu ya C, F na G kwa dakika tano, kisha ucheze juu yake. Ndiyo maana pia nashauri anayependa solo aanze na ridhimu. Ridhimu ndiyo inayokufundisha kukaa kwenye muda, na bendi yoyote itakupokea kwa hiyo kabla hata hujajua skeli moja.

Kuna besi pia. Nyuzi nne, E, A, D, G, zilezile nene za gitaa zikiwa oktava moja chini. Ukitaka kuitwa kwenye kila kwaya na kila bendi ya mtaani ndani ya mwaka mmoja, wapiga besi hawatoshi. Naishia hapo, ni mada yake.

Nyumba unayoishi nayo ipige kura

Nyumba ya kupanga yenye ukuta mmoja kati yako na mtoto mchanga wa jirani inalipendelea gitaa la umeme na hedifoni kuliko yote. Linafuatia nailoni. Chuma ni kelele, na saa nne usiku ndiyo saa pekee mtu mzima anaipata. Mgao wa umeme unageuza hesabu hii: usipokuwa na kile kiamplifaya cha kuchaji, siku za giza utabaki unagusa nyuzi zisizotoa sauti. Ingawa hata hivyo, bila kuchomeka, mpigaji mwenyewe anasikia vya kutosha kufanya mazoezi ya vidole.

Tanga, Mombasa, Unguja: nyuzi za chuma hushika kutu haraka. Pangusa kwa kitambaa kikavu kila umalizapo. Dodoma wakati wa kiangazi tatizo ni kinyume, hewa kavu hupasua ubao wa juu wa magitaa ghali ya mbao nzima. Anayeanza asijali sana, kwa sababu magitaa ya bei yake mengi ni ya plaiwudi, nayo huvumilia. Popote ulipo, usiliache ndani ya gari lililofungwa juani. Gundi hulegea.

Mwalimu, YouTube au bendi

Hili ni chaguo jingine linalofanywa sambamba, nalo nitalimaliza haraka. Video zimejaa na ni za bure. Shida yake ni wingi: leo kodi za msingi, kesho sebene, keshokutwa rege, na baada ya miezi mitatu unajua mwanzo wa nyimbo ishirini. Ukienda njia hiyo chagua mfululizo mmoja uumalize. Mwalimu ni ghali zaidi, ila anaona kitu ambacho video haikioni: kifundo cha mkono kilichopinda, bega lililokazwa, kidole kinachokaa mbali na freti. Makosa hayo kwa mtu wa umri wetu huzaa maumivu yasiyoondoka. Mimi ningelipia mwalimu miezi miwili ya mwanzo, mara moja kwa wiki, kisha nijitegemee na video. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, chuo kilichoanza mwaka 1944. Penginepo mpiga gitaa wa kanisa la jirani, kwa makubaliano ya haki, anatosha.

Bendi au kwaya ndiyo shule bora kuliko zote mbili, lakini si mwezi wa kwanza. Nenda ukishaweza kubadili kodi nne bila kusimama. Dakika ishirini kila siku zitakufikisha huko mapema kuliko saa mbili za kila Jumamosi, kwa sababu mkono husahau katikati ya wiki.

Pesa yangu ningeiweka wapi

Kwa anayetaka kuimba na kujisindikiza, chuma, nyuzi za 11, limepita kwa fundi. Kwa dansi, rumba na benga, umeme tangu siku ya kwanza bila kuomba radhi. Kwa mwenye vidole vinene, viungo vinavyouma au mapenzi ya vipande vya taratibu, nailoni. Aliyekwama kabisa kati ya hayo matatu achukue chuma, kwa sababu ni rahisi kuliuza tena. Majina kama Yamaha F310 kwa chuma na C40 kwa nailoni yamezoeleka kiasi kwamba mnunuzi wa mkono wa pili hupatikana, ila yanaigizwa, kwa hiyo macho yawe wazi.

Dukani, Kariakoo ya Dar iwe au Luthuli ya Nairobi, usilipe kabla ya haya. Shika gitaa kama bunduki ya kulenga, jicho kwenye daraja, uangalie shingo imenyooka. Ingiza pembe ya karatasi nyuma ya daraja. Ikizama, daraja limeanza kung'oka. Piga kila uzi kwenye kila freti polepole, usikilize palipo na mkwaruzo. Fungua programu ya kutyuni kwenye simu, piga uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze freti ya 12: jina la noti liwe lilelile na mshale usihame. Ukihama sana, hilo gitaa halitakaa kwenye tyuni hata likipigwa na bingwa, na hakuna punguzo la bei linalotibu hilo. Ukishalipa, ongeza uzi wa akiba, ule wa E mwembamba. Ndio unaokatika kwanza, na hukatika Jumapili.